Wasifu wa Mkulima Ulioandikwa Mara Mbili: Uchambuzi wa Kisa cha Ufukweni mwa Ghuba ya Speke

Kisa kinahusu nini

Katika vijiji vyetu vya Mwanza, kando ya Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, marehemu hazikwi kabla wasifu wake haujasomwa mbele ya waombolezaji. Kwa mtu aliyeajiriwa kazi hiyo haimsumbui mwandishi, kwa kuwa barua za ajira, za uhamisho na za kustaafu humpa miaka na vituo vya kazi, naye akiviunganisha anapata habari ya kueleweka. Mkulima hana barua. Akilima miaka 50, wasifu wake husema "alikuwa mkulima", kisha unaendelea kutaja idadi ya wajukuu.

Kisa hiki ni cha mkulima mmoja wa pamba, mpunga na dengu, ambaye wasifu wake uliandikwa mara mbili: mara ya kwanza usiku wa kuamkia mazishi, mara ya pili katika maandalizi ya misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na wasifu zote mbili niliziandika kwa mkono wangu. Ya kwanza ilikuwa dhaifu, na udhaifu wake ni wangu. Mjane na watoto wameridhia kisa kiandikwe kwa sharti kwamba majina, jina la kijiji na baadhi ya habari za kifamilia viondolewe.

Usuli

Marehemu alizaliwa karibu na mwaka 1947, akasoma hadi darasa la nne, akaoa mwaka 1970, akapata watoto 8. Baba yake alikuwa mwanachama wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba katika miaka ambayo vyama vya kanda ya ziwa vilikuwa vimeungana chini ya shirikisho la Victoria, lililoanzishwa mwaka 1955. Kwa hiyo alikulia katika nyumba ambayo pamba ndiyo iliyolipa kodi, ikanunua nguo na baiskeli. Alifariki mwezi Januari, pamba ikiwa kwenye palizi, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70.

Mashamba yake yalikuwa manne, na ili kisa kieleweke ni lazima niyaeleze kidogo, maana Msukuma hasemi "udongo" akaishia hapo. Juu, karibu na mawe makubwa, kulikuwa na luseni, udongo wa mchanga mwepesi unaofaa mihogo, karanga na matuta ya viazi vitamu. Katikati ya mteremko ndipo alipopanda pamba. Chini yake kulikuwa na ibambasi, ardhi ngumu inayozuia maji yasizame, ambayo aliikata majaruba ya mpunga. Mwisho kabisa, kuelekea ziwani, ilikuwa mbuga nyeusi inayopasuka wakati wa kiangazi, na humo alipanda dengu mvua zikielekea mwisho, zao hilo likakua kwa unyevu uliobaki ardhini. Mtu aliyeweza kugawa kazi zake katika udongo wa aina nne na misimu isiyofanana, mwaka baada ya mwaka, alikuwa na elimu pana. Hakuna aliyeiandika popote, na usiku ule wa msiba hata mimi sikuiuliza.

Yaliyotokea siku ya mazishi

Alifariki alasiri, na mazishi yakapangwa kesho yake. Saa tatu usiku niliitwa chini ya turubai, nikakalishwa na mtoto wa kwanza wa kiume na baba yake mdogo, tukaandika kwa mwanga wa simu. Nilitumia maswali niliyoyazoea: alizaliwa lini, alisoma wapi, alioa lini, alifanya kazi gani, aliugua lini. Katika swali la kazi nilijibiwa kwa neno moja, nikaliandika, nikapita. Katika swali la ugonjwa walizungumza kwa karibu nusu saa, kwa sababu wiki zile tano za mwisho zilikuwa bado mbichi vichwani mwao: kituo cha afya, rufaa, chumba alicholazwa, chupa za damu, siku aliyokula uji, siku aliyoukataa.

Wasifu uliosomwa ulikuwa na mistari 14, na mistari 8 kati ya hiyo ilihusu ugonjwa. Watu wa nzengo, yaani umoja wa majirani wanaosaidiana, walioacha palizi zao kuja kuchimba kaburi walisikiliza kwa heshima, na hakuna aliyelalamika. Mjane naye hakulalamika. Baada ya matanga kuanuliwa nilikwenda kumjulia hali, akaniambia maneno ambayo ndiyo chanzo cha kazi yote iliyofuata: "Mwalimu, mmemsoma mgonjwa. Mume wangu aliugua wiki tano tu."

Uamuzi wa kuanza upya

Mwezi Agosti familia ilikaa kupanga misa ya mwaka na kujengea kaburi. Hoja ya kwanza ilikuwa vigae. Watoto wawili wanaoishi mjini walitaka kaburi la vigae lenye picha ya marehemu, na walikuwa tayari kuchanga. Binti wa nne, ambaye ni fundi cherehani, alisema vigae viwekwe lakini wasifu uandikwe upya, na kwamba mwalimu apewe muda wa kutosha. Nilikubali kwa masharti mawili: kwanza, tusikae chini ya turubai tena bali twende mashambani, pili, tutafute maandishi yoyote aliyoyaacha, hata kama ni karatasi ya sukari.

Sharti la kwanza lilitokana na jambo nililoliona darasani kwa miaka mingi. Mtoto wa mkulima ukimuuliza ndani ya darasa jinsi mpunga unavyopandikizwa, hukujibu kwa sentensi ya kitabuni. Ukimpeleka jarubani, hutashika kalamu kwa kasi inayomtosha. Niliamini kwamba kumbukumbu za mkulima zimelala palepale alipofanyia kazi, na kwamba mtu akisimama kwenye mfereji atakumbuka ugomvi wa maji ambao sebuleni asingeukumbuka.

Tulichagua mwezi Septemba, masalia ya pamba yakiwa yameshang'olewa na kuchomwa na ardhi ikiwa wazi, ili mipaka, mifereji na visiki vionekane.

Siku tatu za kuzunguka mashamba

Siku ya kwanza iliharibika kabla ya saa nne asubuhi. Tulikuwa watano, mmoja wa wajukuu akiwa ameshika simu ya kurekodi, nami nikiwa na daftari. Mdogo wake marehemu alitukuta kwenye shamba la pamba akauliza kwa sauti kubwa, "Mnapima shamba la nani?" Msimamizi wa mirathi alikuwa ameshateuliwa na Mahakama ya Mwanzo, na alikuwa ndani ya ile miezi minne ambayo msimamizi hupewa ili awasilishe orodha ya mali na madeni ya marehemu. Watu watano wenye daftari wanaozunguka mashamba ya marehemu katika kipindi hicho hawawezi kuonekana kama waandishi wa wasifu, na mzee yule alikuwa na haki kamili ya kutia shaka.

Tulisimamisha kazi. Jioni tulimwendea nyumbani kwake pamoja na mjane, tukamweleza kusudi letu, kisha tukafanya maamuzi mawili. La kwanza, hatutaandika ukubwa wa shamba lolote wala alama ya mpaka; tutaandika jina la shamba na kazi iliyofanyika humo, basi. La pili, yeye ndiye atakayetangulia mbele. Siku ya pili akatangulia, na ndipo ilipodhihirika kwamba bila yeye tusingepata nusu ya habari. Alitupeleka kwenye jiwe moja kubwa lililo juu kidogo ya majaruba, akaweka kiganja kwenye doa jeupe linalofika usawa wa goti, akasema, "Hapa ndipo maji yalipofika tukiwa vijana, na mihogo yote ya mzee ikaozea chini." Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2 kati ya mwaka 1961 na 1964, na kwa habari hiyo tukajua marehemu alikuwa kijana wa miaka 14 hadi 17 familia ilipohamisha nyumba kwenda juu.

Jirani mmoja mkulima wa mpunga, aliyekuwa amejiunga nasi njiani, akadakia. Mwaka 2020 maji yalipoanza tena kupanda, marehemu alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia wenye majaruba ya chini kwamba wavune hata kama mpunga haujakauka vizuri, kwa kuwa maji yatafika kwenye lile jiwe. Wapo waliomsikia na wapo waliompuuza. Mwezi Mei mwaka huo ziwa lilipita hata kiwango cha 1964, na jarubani kwa waliompuuza palivuliwa samaki. Watoto wake walioishi mjini hawakuwa na habari hizi hata kidogo. Mtoto wa kwanza alikaa juu ya jiwe lile kwa muda mrefu bila kusema neno.

Kosa la pili tuliligundua siku ya tatu. Tulikuwa tumemwacha mjane nyumbani kwa nia njema, tukisema mama apumzike. Siku hiyo alikuja mwenyewe na fimbo yake, akasikiliza tunavyoeleza shamba la luseni, akatukatisha: "Hilo si shamba la baba yenu. Hilo nililifungua mimi, nikiwa na mimba ya huyu hapa." Alimwonyesha binti wa nne. Kisha akatueleza viazi vya shamba hilo vilivyokatwa vipande na kuanikwa juu ya mawe kuwa michembe, na vingine vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa kuwa matobolwa, na miaka ambayo pamba ilinunuliwa kwa ahadi na nyumba ikaishi kwa matobolwa hayo hadi mavuno mengine. Daftari langu la siku mbili lilikuwa limejaa "alilima", "alipanda", "alivuna". Nililazimika kupitia ukurasa kwa ukurasa pamoja naye, na mahali pengi kitenzi kikabadilika kuwa "walilima".

Kamba na kaunta buku

Katika kutafuta maandishi tulipata vitu viwili. Cha kwanza hakikuwa maandishi. Ilikuwa kamba ya katani yenye mafundo, iliyoning'inia chini ya paa la kihenge, na mmoja wa vijana alikuwa ameshakata kipande chake kufungia mbuzi bila kujua ni kitu gani. Ilikuwa kamba ya kupandia. Nilipima nafasi kati ya fundo na fundo nikapata sentimita 90, ile nafasi ya mstari na mstari ambayo mabwana shamba waliifundisha kwa miaka mingi. Mafundo yalikuwa magumu na meusi kwa jasho na udongo, isipokuwa matatu ya mwisho ambayo yalikuwa meupe, kwani miaka ya mwisho aliongeza urefu wa kamba. Kwa nini aliongeza hakuna aliyejua, mpaka mjane aliposema kwamba wajukuu walikuwa wameanza kumsaidia kushika upande wa pili.

Cha pili kilikuwa kaunta buku lenye jalada lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, lililoanza mwaka 1986. Kila msimu ulikuwa na ukurasa wake: siku ya mvua ya kwanza, siku ya kupanda, idadi ya ekari, dawa alizopuliza, kilo alizouza, na stakabadhi za mauzo zilizokunjwa katikati. Wajukuu walikuta maneno "UK 91" yakijirudia wakadhani aliandika habari za Uingereza; ni aina ya mbegu ya pamba iliyotoka katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, wilayani Misungwi, na herufi hizo mbili ni za jina la kituo. Ukurasa wa 1997/98, mwaka wa mvua za El Nino, una sentensi moja tu: "Vitumba vimeozea mitini." Baada ya mwaka 1994, biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, stakabadhi zinabadilika umbo na rangi, na ekari zinaongezeka hadi kufika 7.

Kurasa za nyuma zilikuwa za madeni: aliowadai na waliomdai. Hizo tulizikabidhi kwa msimamizi wa mirathi siku hiyohiyo, na hakuna hata mstari wake ulioingia katika wasifu. Madeni yana mahali pake mahakamani, na jina la mdaiwa halisomwi mbele ya kaburi.

Mstari uliobishaniwa

Ukurasa wa 1995 uliandikwa hivi: "Pamba ekari 7. Binti wa nne amebaki nyumbani." Marehemu aliandika jina, nami nimeliondoa.

Mwaka huo nilikuwa mwalimu wa darasa la sita, na binti huyo alikuwa mwanafunzi wangu. Nakumbuka aliacha kuja mwezi Mei wakati wa kuchuma, na hakurudi. Nilimwandikia baba yake barua moja, kisha nikanyamaza. Nilipofika kwenye ukurasa huo niliupita haraka, nikidhani namsitiri marehemu, ilhali nilikuwa najisitiri na mimi. Binti aliona. Akanirudisha kwa kidole chake mwenyewe, akasema, "Andika na hili, mwalimu. Pamba ile niliichuma mimi."

Kikao cha familia kilibishana jioni mbili. Baba mdogo na shangazi walishikilia kwamba marehemu hasemwi kwa ubaya, na kwamba wasifu si mahali pa mashitaka. Mtoto wa kwanza alipendekeza tuandike kwa ujumla kwamba "watoto wote walishirikiana naye shambani". Binti alijibu kwamba hamshitaki baba yake, kwamba alimuuguza wiki zote tano na angemuuguza zingine tano, ila hataki kusikiliza habari ya ekari 7 zikisifiwa mbele yake kana kwamba zilijichuma. Mjane aliulizwa mwisho. Alisema yaandikwe, kwa sababu yeye alikuwepo na alikubali.

Sentensi iliyoandikwa ilikuwa hii: "Msimu wa 1995 alilima ekari 7 za pamba, kubwa kuliko msimu mwingine wowote, na binti yake wa nne aliachishwa shule akiwa darasa la sita ili aichume." Hatukuongeza neno la kulaumu wala la kutetea, na binti aliomba ausome wasifu wote yeye mwenyewe.

Matokeo

Wasifu wa pili ulikuwa na kurasa nne, ukasomwa kwa dakika 20 hivi baada ya misa. Ugonjwa ulipewa mistari miwili. Wakati wa habari ya jiwe na maji ya 2020, wakulima wenye majaruba walisimama mmoja mmoja pasipo kuombwa. Wakati wa sentensi ya 1995, shangazi aliinuka akaondoka chini ya turubai, na hadi leo naandika haya uhusiano wake na binti haujarudi ulivyokuwa. Kaburi liliwekwa vigae. Karatasi za wasifu zilitolewa nakala 30, na nyumba tatu za jirani zimeniomba niwaandikie wazee wao wakiwa bado hai.

Miezi kadhaa baadaye jirani wa upande wa mbuga alisogeza mpaka wa shamba la dengu. Msimamizi wa mirathi aliniuliza kama daftari langu lina alama za mpaka, nami sikuwa nazo.

Uchambuzi

Kilichofanikiwa zaidi ni kubadilisha mahali pa kuuliza. Watu walewale walionipa neno moja chini ya turubai walinipa kurasa 40 za maelezo walipokuwa wamesimama juu ya ardhi, na sababu si kwamba walikuwa wameficha. Usiku wa msiba mtu hukumbuka kilicho karibu, na kilicho karibu ni kitanda cha hospitali. Kwa hiyo simlaumu mtu kwa wasifu wa kwanza isipokuwa mwandishi, ambaye aliandika wasifu nyingi kabla ya huo na angepaswa kuwa na swali la pili baada ya neno "mkulima": alilima nini, wapi, pamoja na nani, mwaka gani ulimtupa na mwaka gani ulimpa.

Kutumia matukio makubwa kama ngazi ya miaka kulifaa sana. Wazee hawakukumbuka tarehe, lakini walikumbuka maji, mvua ya El Nino, kuvunjwa kwa vyama vya ushirika mwaka 1976 na wanunuzi wapya kuingia vijijini, na kila tukio lilishikilia jambo la nyumbani. Stakabadhi zilithibitisha mengi ya waliyoyasema na kusahihisha machache.

Tulishindwa katika kupanga muda. Kuzunguka mashamba wakati mirathi iko mahakamani kulitugharimu siku moja na kungeweza kutugharimu undugu. Ningeshauri kazi hii ifanyike ama kabla msimamizi hajaanza kuorodhesha mali, ama baada ya kumaliza, na mdogo wa marehemu apewe taarifa kabla ya mtu mwingine yeyote. Kuhusu mipaka, nimejiuliza mara nyingi kama tulikosea kuiacha. Bado naona tulifanya sawa. Ahadi ile ndiyo iliyomfanya mzee atangulie mbele yetu, na mpaka una vyombo vyake: baraza la kijiji, majirani na hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 iliiwekea utaratibu na ambayo marehemu hakuwahi kuiomba.

Kumwacha mjane siku mbili za mwanzo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote, na lilifanywa kwa lugha ya huruma. Tulimhesabu kama mfiwa tukasahau kwamba alikuwa mkulima mwenziwe kwa miaka zaidi ya 50.

Kuhusu sentensi ya 1995 sina hukumu ya kufunga mjadala. Najua kwamba binti aliisoma bila sauti kutetemeka, na najua shangazi aliondoka. Najua pia kwamba kama ningeipita, ningekuwa nimeificha kwa mara ya pili.

Liko pengo moja ambalo halitazibika. Kati ya mwaka 1974, familia ilipohamishiwa katika kijiji kipya wakati wa Operesheni Vijiji, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliporudi kwenye mashamba yake ya zamani, marehemu alilima kwa jembe la kukokotwa na maksai pamoja na mzee mmoja wa kijiji cha pili. Wote walituambia, "Habari za miaka hiyo muulizeni yule." Tulipanga kumwendea baada ya kumaliza mashamba. Alifariki wiki tatu kabla hatujafika, na wasifu wake, niliousikiliza nikiwa mwombolezaji, ulisema alikuwa mkulima. Katika wasifu wetu, miaka hiyo ina sentensi mbili.